Injinia kasema "invati" na "mabawa", sisi tukaitikia tu. Nisaidieni kabla sijaweka saini

BiMkubwa_Makorora
Wanajamvi, hamjambo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Makorora, Tanga. Juzi tulikaa na injinia kuhusu kalavati lililowekwa mwaka jana mbele ya nyumba yangu. Tangu masika yaanze, pale pamekuwa bwawa, na bata wa jirani wamehamia rasmi.

Kijana mwenyewe mstaarabu, kaniamkia vizuri. Akakunjua mchoro: "Mama, tatizo hapa ni invati, na mdomo wa chini haukujengewa mabawa." Sote tukaitikia ndiyo, ndiyo, kama watoto wa chuoni. Tulipotoka nikamuuliza mwenyekiti, mabawa yepi? Eti labda kata ya Mabawa.

Alhamisi tunatakiwa kusaini marekebisho. Sisaini nisichokijua. Nani anieleweshe?

Kijana_wa_Ngamiani
Bata wakitaga tukumbukane, Bi Mkubwa. Kwani kalavati si lile bomba la zege chini ya barabara? Huku kwetu tunaita daraja, yameisha.

FomaniMstaafu
Shikamoo Bi Mkubwa. Usiwasikilize hawa. Mimi nimeanza kwa kubeba kokoto na karai, nikaishia ufomani, kwa hiyo nakueleza kama nilivyokuwa nawaeleza vibarua wangu.

Mabawa ni rahisi. Kalavati likitokeza pembeni ya barabara hujengewa ukuta unaolikumbatia mdomo, huo ndio kichwa. Kuta mbili zinazotanuka kushoto na kulia ya kichwa ndizo mabawa. Kazi yake ni kushika udongo. Yasipokuwepo, maji yanayotoka kwa kasi yanakula kifusi kidogo kidogo, na siku moja utaona ukingo wa barabara umebonyea.

Sasa invati, hapo ndipo penye ugonjwa wenu. Ni sakafu ya ndani ya bomba, pale chini kabisa maji yanapotambaa yakiwa machache. Mafundi hupima kimo cha kalavati kutoka hapo, si juu ya bomba. Ikiwa invati imekaa juu kuliko sakafu ya mtaro unaoleta maji, basi maji ya kina hicho hayatoki, hata bomba liwe pana kama mlango. Yanalala, mchanga unatua, mbu wanazaa.

Inatokeaje? Nimeshuhudia zaidi ya mara moja: vibarua wanachimba, sururu inagonga jiwe la matumbawe, jua kali, fomani hayupo. Bomba linalazwa juu ya jiwe, wanafukia, wanashindilia, kazi imekwisha.

Usibishane kwa maneno, pima. Tafuta mpira mwangavu kama mita 15, ujaze maji, hakikisha hauna povu hata moja ndani. Ncha moja ishikwe wima kwenye mtaro, nyingine kwenye mdomo wa juu wa kalavati, yaani ule maji yanapoingilia. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja. Pima kutoka uso wa maji kushuka hadi sakafu ya mtaro, kisha upande wa pili hadi kwenye invati. Mtaro ukikupa sm 80 na invati sm 64, bomba limekaa juu kwa sm 16.

BiMkubwa_Makorora
Marahaba. Nimefanya leo asubuhi na mjukuu wangu, mpira tumeazima kwa fundi wa ujenzi. Mara ya kwanza majibu hayakueleweka, kumbe kulikuwa na povu katikati. Mara ya pili: mtaro sm 71, invati sm 58. Yaani 13! Mtaa mzima umekuja kuchungulia.

Nahodha_Mstahiki
Niongeze la baharini. Mtaro wenu ukiishia pwani, angalieni pia bamvua. Mwezi mchanga na mwezi mpevu bahari inajaa sana, na mvua ikigongana na maji kujaa, mdomo wa mtaro unazibwa na bahari yenyewe. Hapo hata invati iwe sawa mtasubiri maji yatoke. Msije mkamlaumu injinia kwa kosa la mwezi.

FomaniMstaafu
Kweli kabisa nahodha. Ila bwawa la Bi Mkubwa lipo hata maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, hilo ni la bomba.

Bi Mkubwa, kwenye ile karatasi usikubali "kalavati litarekebishwa". Waandike kimo cha invati ya juu na cha invati ya chini, kwa tarakimu. Mteremko usipungue nusu sentimita kwa kila mita. Kalavati la mita 8, chini iwe imeshuka angalau sm 4. Na bomba jipya wakileta, ombeni la kipenyo cha sm 90. Kibarua anaweza kuingia na koleo kulisafisha. Lile la sm 60 likijaa mchanga nani atajipenyeza?

BiMkubwa_Makorora
Nimetoka kikaoni. Nimewasomea 13 yangu, kijana akaenda mwenyewe na kipimo chao cha miguu mitatu, akapata 12 na nusu. Tarakimu zimeandikwa, bomba la 90 limekubaliwa. Mabawa wanasema fungu halitoshi.

FomaniMstaafu
Basi bado kalamu ibaki kwenye kanga. Waambie hata mawe yaliyopangwa kwa saruji pande mbili za mdomo, yatashika. Mawe Tanga hayajawahi kuadimika.