Boti ya Zanzibar ya saa 1 asubuhi kutoka Mbezi: mwendokasi, Bolt, gari letu au tulale mjini?

MamaWawili_Mbezi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliozoea safari hii, maana mimi mara ya mwisho kuvuka nilikuwa sijaolewa.

Ijumaa ijayo tunakwenda Unguja, harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi. Tupo watano: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na miaka 4) na mama mkwe. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, anatembea taratibu na fimbo yake. Mizigo ni mabegi mawili makubwa, begi dogo la watoto na boksi la vitenge vya sare. Tiketi ni za boti ya saa 1:00 asubuhi. Tunakaa Mbezi Mwisho.

Mume wangu anataka tuende na gari letu tuliache mjini mpaka Jumapili. Mimi nilifikiria Bolt. Wifi yangu anasema tupande tu mabasi ya mwendokasi, ni rahisi na yanatushusha palepale. Na kuna wazo la kulala mjini Alhamisi usiku, ila gharama ya vyumba viwili inaniuma. Au nibadilishe tiketi ziwe za saa 3:30 tusiamke usiku wa manane?

Mliofanya hivi na mzee na watoto, mlifanyaje?

Kandambili_Bluu

Dada, mimi navuka kila mwezi kwa shughuli zangu, na mwendokasi ndiyo njia yangu. Yanaanza saa 11 alfajiri. Kimara napanda, nashuka Posta ya Zamani. Angalia hapo: usiende mpaka mwisho Kivukoni. Ukishuka Kivukoni umepitiliza, utarudi nyuma na mizigo. Posta ya Zamani unatembea kidogo kwenye Sokoine Drive, unalipita kanisa la Azania Front, ukifika usawa wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lango la boti liko ng'ambo ya barabara.

Lakini mimi nina begi moja la mgongoni. Kwa mama wa miaka 71, mabegi mawili na boksi, sikushauri. Asubuhi mabasi ya kwenda mjini yanajaa, utasimama, na kutoka Mbezi huenda ukalazimika kubadilisha basi Kimara. Wifi yako anasema kweli kwa mtu mmoja. Kwa msafara wenu, hapana.

Dereva_Kimara

Naendesha teksi miaka mingi, watu wa boti nimewabeba sana. Nianze na hilo la kubadilisha tiketi kwa sababu wengi wanakosea hapo.

Watu wanadhani boti ya saa 3:30 ni nafuu kwa kuwa unaondoka nyumbani kumekucha. Kwa mtu wa Upanga au Kariakoo ni kweli. Kwa mtu wa Mbezi ni kinyume. Boti ya saa 1 unaondoka nyumbani saa 10:30 alfajiri, barabara nyeupe, saa 11 na robo au na nusu uko Posta. Ya saa 3:30 itakulazimu utoke saa 12, na hapo Morogoro Road ndiyo imekolea: Kimara, Ubungo, Magomeni, wote wanaelekea upande mmoja na wewe. Nimeshabeba abiria walioondoka na saa tatu nzima mkononi wakafika wanakimbia. Baki na saa 1.

La pili, ukipanda gari lolote usimwambie dereva "nipeleke Feri". Feri kwa watu wa Dar ni Magogoni, kwenye pantoni la Kigamboni na soko la samaki. Sema "boti za Zanzibar, mkabala na St. Joseph". Niliwahi kumuokota baba mmoja pale sokoni na familia yake saa moja kasoro dakika ishirini, ameshushwa na bajaji, hajui aende wapi. Si mbali, lakini kwa muda ule kila dakika ina thamani.

La tatu ni hizi teksi za kwenye simu. Zinafaa, ila saa 10 alfajiri Mbezi magari ni machache. Unaweza kuita, dereva akakubali, kisha akaghairi akiona safari ni ndefu au akitaka umuongezee nje ya programu. Kama ni gari, panga na dereva unayemfahamu tangu jana yake, mkubaliane bei, na usiku umpigie kumkumbusha. Mchukue mwenye Noah. Watu watano na mizigo hiyo hamtoshi kwenye gari dogo.

MamaWawili_Mbezi

Asante sana kaka, hilo la foleni sikulifikiria kabisa. Na la Feri pia, mume wangu kanicheka maana na yeye angesema Feri. Vipi kuhusu gari letu?

Kandambili_Bluu

Kuacha gari siku tatu mjini mimi sikupendi. Barabarani kuna ushuru wa maegesho, na usiku mitaa ile ya maofisi inakuwa mitupu. Kuna majengo yenye maegesho ya kulipia, lakini inabidi uende mapema uulize kama wanapokea gari la kulala. Ukifika saa 11 alfajiri kuanza kutafuta mlinzi wa kuelewana naye, ndiyo mwanzo wa kukosa boti.

Nesi_Ilala

Dada MamaWawili, naona wote mmezungumzia gari, hakuna aliyezungumzia mvua. Huu ni mwezi wa nne.

Jangwani ikijaa, Morogoro Road inafungwa pale bondeni. Mto Msimbazi haujali una tiketi ya saa ngapi. Hapo mwendokasi, Bolt na gari lenu vyote vimeingia kwenye shimo moja, maana njia ya kawaida kutoka Mbezi kwenda Posta inapita palepale. Kama mtatokea nyumbani, dereva awe na njia ya pili kichwani: kukata Ubungo, kushika Sam Nujoma mpaka Mwenge, kisha Bagamoyo Road na Daraja la Tanzanite mpaka Ocean Road. Ni mzunguko, ila unafika. Ongezeni nusu saa au zaidi.

Mimi kwa hali yenu ningelala mjini. Nasema hivyo kwa sababu ya mama, wala siyo starehe. Mzee mwenye magoti ukimwamsha saa 9 usiku, ukamkalisha kwenye gari saa nzima, halafu ukamsimamisha kwenye foleni ya ukaguzi, akifika bandari ya Malindi kule Unguja miguu imevimba na harusi yote ataitazama akiwa kitandani. Tafuteni chumba Kisutu au Mnazi Mmoja, mle mapema, mlale, asubuhi bajaji mbili au teksi, dakika chache mko langoni. Kwa gharama, chukueni chumba kimoja chenye vitanda viwili na godoro la ziada. Watoto hawahesabu nyota za hoteli.

Dawa za mama za presha na magoti ziwe kwenye pochi yako. Mabegi makubwa yanapangwa mbali na mnapokaa, hamtayaona mpaka mnashuka.

Dereva_Kimara

Nesi umesema kweli, Jangwani nilisahau na nisingepaswa kusahau. Nakubali, kwa mwezi huu kulala mjini kuna uzito wake.

Mzee_wa_Funguni

Assalaam alaykum wanangu. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Dar kwa watoto, nimevuka maji haya tangu zama za boti za usiku.

Mwanangu MamaWawili, mumeshauriwa vizuri habari za njia. Nami niongeze habari za bahari na za lango.

Mwezi wa nne kusi, ule upepo wa bahari, linaanza kuingia, halijashika. Kusi lenyewe ni Juni na Julai, hapo boti hupanda na kushuka mpaka mtu akajuta. Lakini hata sasa asubuhi bahari hutulia kuliko alasiri, kwa hiyo saa 1 ni saa njema kwa bibi na watoto. Kaeni chini, katikati au nyuma kidogo. Mbele ndiko kunakopiga. Watoto wasinywe maziwa asubuhi ile. Chai nyepesi na kipande cha mkate mkavu, basi. Kama kuna dawa ya kichefuchefu, imezwe kabla ya kupanda, kwani ukishaanza kutapika haifui dafu. Bibi mpeni ndimu anuse, na muda wote atazame mbali nje, asitazame simu wala sakafu.

Habari za lango. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya boti kung'oa nanga. Mlango hufungwa kabla yake. Mimi huhesabu hivi: boti saa 1, mimi saa 12 kamili niko ndani nimekaa. Kila mtu awe na kitambulisho, watu wazima NIDA, watoto vyeti vya kuzaliwa, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye kitambulisho. Tazameni leo, musingoje Ijumaa.

Wapo watu hukasirika kuulizwa majina na kuhesabiwa. Mimi sikasiriki. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilitoka Dar hapa hapa, ikazama karibu na Chumbe, na nilikuwa na watu wangu ndani yake. Tangu siku ile, nikiona mtu anapigwa marufuku kupanda kwa kuwa boti imejaa, mimi humuombea dua huyo aliyemzuia. Nanyi mukiambiwa imejaa, ngojeni ya pili yake.

MamaWawili_Mbezi

Wa alaykum salaam, shikamoo baba. Mungu awarehemu hao wapendwa wako. Nimesoma mara mbili, na nimemsomea mama mkwe, anasema ndimu atachukua yeye mwenyewe shambani kwake Kibamba.

Mtu_wa_Makulu

Samahani kwa kuingilia mada. Mimi natokea Dodoma mwezi ujao na rafiki yangu Mjerumani. Tukipanda treni ya SGR ya asubuhi, tunaweza kuvuka siku hiyohiyo?

Kandambili_Bluu

Mkuu, inawezekana kwa boti ya alasiri. Dodoma hadi Dar kwa SGR ni kama saa tatu na nusu, na stesheni iko katikati ya mji, bajaji mnafika bandarini upesi. Usikate tiketi ya boti inayokaribiana na treni, achia pengo la saa mbili na nusu au tatu. Huyo rafiki yako alipe bima ya wageni ya Zanzibar kabla ya kusafiri. Ilianza Oktoba 2024, ni dola 44 kwa mtu mzima, inalipwa kwa mtandao. Pasipoti awe nayo mkononi, pale Malindi wanaikagua hata kama ametokea Dar.

Na umwandikie saa kwa tarakimu za kwao. Ukimwambia "boti saa kumi" atakuja saa nne usiku.

Mtu_wa_Makulu

Asante mkuu, la saa ningelisahau.

Nesi_Ilala

Jingine dogo: nje ya lango kuna vijana watakaowakimbilia wakisema ofisi imefungwa, tiketi ziko kwao. Msiwasikilize. Wapagazi ni jambo tofauti, kwa boksi la vitenge mchukueni mmoja, ila bei muelewane kabla hajalinyanyua. Na vitenge msivifunge kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku pande zote mbili.

MamaWawili_Mbezi

Wakuu, nimerudi na mrejesho, naandikia Unguja.

Tulilala Kisutu. Mume wangu alikuwa bado anavutia upande wa gari mpaka Alhamisi mchana mvua iliponyesha, akanyamaza mwenyewe. Tuliondoka Mbezi saa 8 mchana kabla watu hawajatoka kazini, na yule kaka mwenye Noah wa mtaani kwetu. Chumba kimoja, vitanda viwili, godoro chini kwa watoto. Gharama ilizidi kidogo ile ya teksi ya alfajiri.

Mzee wa Funguni, Mungu akubariki. Nilipoangalia majina kama ulivyosema, tiketi ya mama ilikuwa na "Mwanaidi" na NIDA yake ni "Mwanahidi". Herufi moja. Kwa kuwa tulikuwa mjini tangu Alhamisi, tulitembea ofisini jioni ileile wakaisahihisha, nikalala usingizi. Ingekuwa Ijumaa saa 12 asubuhi na foleni ile niliyoiona, sijui ningefanya nini.

Asubuhi bajaji mbili, saa 12 kasoro dakika kumi tuko langoni. Dada mmoja wa ukaguzi alipoiona fimbo ya mama alitupitisha pembeni, sikuomba. Tulikaa chini katikati. Mdogo alitapika mara moja tulipokaribia Unguja, alikuwa ameiba juisi ya kaka yake. Mama alinusa ndimu mwanzo mpaka mwisho na saa hizi yuko uani anachambua mchele na mashangazi.

Dereva_Kimara, tunarudi Jumapili na boti ya alasiri. Kama una gari kubwa naomba namba yako inboksi, na nitasema St. Joseph.