Kumuvua mutoto fulari (kitambaa ya shingo ya ba-skuti) mbele ya benzake juu amechelewa: ni disiplini ao ni kumupatisha haya?

Mama_wa_Kadutu
Jambo batu ya Bukavu. Nauliza bila hasira, ao tuseme hasira iko kidogo. Kijana yangu iko na miaka 12, ni mu-skuti tangu mwaka jana. Siku ya posho iliyopita mukutano ilianza saa tatu, yeye akafika saa tatu na dakika ishirini. Ilikuwa mara yake ya tatu, na sheria ya kikundi yao inasema ukichelewa mara tatu unavuliwa fulari mwezi muzima. Sawa, sheria tuliisoma. Lakini shefu alimuita katikati ya duara, akamufungua ile fundo ku shingo yeye mwenyewe, bale badogo ya miaka 8 banaangalia, akaikunja polepole akatia mu mufuko ya suruali. Mutoto alirudi ameshika kola ya shati na mukono, kutoka ku parokia mpaka kwetu juu, asionekane shingo wazi. Na alichelewa juu ya nini? Juu maji ya kartie yetu inatoka saa inajitakia, na bidoni ine njo kazi yake kila posho asubui kabla ya kitu ingine. Sasa niambieni, hiyo sheria inajenga mutoto ao inamubomoa?

Fundo_ya_Mraba
Mama, jambo. Mi ni shefu, haina wa kikundi ya mutoto wako, lakini sheria ya namna hiyo hata kwetu iko. Mutoto hakulazimishwa. Alisimama mbele ya bendera, akainua vidole tatu, akatoa ahadi kwa heshima yake. Sheria ya 7 inasema skuti anajua kutii na hafanyi kitu nusu-nusu. Ku kampi patruya moja (kikundi kidogo ya ba-skuti) ikichelewa kuleta maji, batu makumi tatu banalala njaa, hapo hakuna mwenye atauliza bomba ilitoka saa ngapi. Na kwa habari ya maji pole sana, lakini hata mi nachotaka maji na mi nafikaka kwa saa. Naamuka saa kumi ya usiku.

Kijana_Essence
Saa kumi ya usiku shefu?? Unachota na tochi ao na malaika? Sema bibi yako njo anachota weye unageuka ku kitanda

Fundo_ya_Mraba
Sina bibi.

Kijana_Essence
Njo maana

Dada_Panzi
Kijana wacha muchezo kidogo. Nilikuwa gidi (skuti wa kike) miaka sita, niseme kitu. Fulari haiko medali ya kupewa na kunyanganywa. Ni kitambaa ya pembe tatu yenye kazi: unafunga nayo mukono yenye kuvunjika, unazuia damu, unachujia maji yenye iko na takataka. Tulikuwaka nafanya zoezi hiyo kila mwezi, moja analala chini analia uongo mwingine anamufunga. Kumuvua mutoto fulari ni kama kumunyanganya fundi nyundo juu amechelewa ku shantie, kazi njo itaenda mbele? Mupe azabu ya kufanya kitu: afagie salle, afundishe badogo fundo tatu, abebe mizigo ya kampi. Lakini kumuvua mbele ya batu, hapana, hata sheria ya 4 inasema skuti ni ndugu ya kila skuti, ndugu gani anakuvua ku shingo?

Sambaza_Kavu
Munabishana juu ya kitambaa, mi nabashangaa. Shida ya ba-skuti ni hii ya kusalimia na mukono ya kushoto. Siku ya yenga moja, inje ya kanisa, mupetit wa kwetu amevaa yote vizuri, soksi mpaka ku magoti, ananiletea KUSHOTO. Mbele ya mama mukwe wangu! Mama hakusema kitu, aliangalia tu ile mukono kama anaangalia nyoka. Kwetu kushoto kazi yake munaijua. Hiyo sheria yao nani aliandika?

Fundo_ya_Mraba
@Sambaza huyo mupetit alikosea, kushoto ni ya skuti kwa skuti. Mukubwa mwenye haiko skuti unamupa kuume kama kawaida, na kila shefu anafundishaka vile. Na usichezee kitu haujui. Inasemekana Baden-Powell, Muingereza mwenye alianzisha ba-skuti, aliitosha kwa mufalme mumoja wa Ashanti, kule Ghana ya leo. Huyo mufalme alimuambia kama mashujaa banasalimiana na kushoto, juu kushoto njo inabeba ngao, ukitoa kushoto maana yake umeweka ngao chini, umemuaminia mwenzako. Na tena kushoto iko karibu na roho. Hiyo ni kitu ya Afrika, haina ya Bazungu.

Mwalimu_Bagira
Shefu, hadisi nzuri lakini imalizie. Baden-Powell alienda kwa ba-Ashanti na jeshi ya Uingereza, mwisho wa 1895 kuingia 1896. Hakuenda kutembea. Mufalme Prempeh walimukamata, wakamuhamisha Sierra Leone, kisha Seychelles, akarudi kwao 1924, muzee tayari. Sasa kama ni kweli walisalimiana na kushoto, basi ilikuwa mukono ya mutu mwenye walikuwa nakuja kumufunga.

Kijana_Essence
Aaaaayi mwalimu 😂 shefu amefungwa fundo ya mraba

Fundo_ya_Mraba
Mwalimu, sasa unataka kusema sisi ni batumwa ya mukoloni? Sema wazi. Nimelea batoto ya batu kwa miaka saba bila franka moja, wengine ungebakuta leo bananyanganya batu simu pale ku Feu Rouge. Nanunua kamba na pesa yangu. Nikifika hapa mwalimu mwenye kulipwa ananifundisha Ashanti.

Mwalimu_Bagira
"Mwalimu mwenye kulipwa." Ndugu, hiyo umeandika juu ya mwalimu wa Kongo? Nimechapa kicheko mpaka bibi ameniuliza kuna nini.

Sambaza_Kavu
Bado haujaniambia juu ya mama mukwe

Muzee_wa_Nguba
Batoto, sikilizeni muzee. Hamujue bahati yenu. Wakati ya Mobutu, 1972, alifunga bikundi byote bya bijana bya makanisa, ba-skuti na bengine, bijana bote baingie JMPR, bijana ya chama yake. Tulificha fulari chini ya godoro kama batu banaficha bunduki. Tukapelekwa kuimba na kucheza ku animation, jua kali, kusifu mutu. Leo mutoto anavuliwa fulari mwezi moja, mama analeta kesi. Sisi tulivuliwa na serikali miaka na miaka na hatukulia.

Kijana_Essence
Muzee kwa heshima yote, juzi ku mujadala ya mupira ulisema ulizaliwa 1970. Sasa 1972 ulificha fulari ya nani, ya nepi?

Muzee_wa_Nguba
Ni kaka yangu mukubwa njo alificha. Godoro ilikuwa moja.

Nyota_ya_Muhungu
😂😂😂 "godoro ilikuwa moja" nimekufa
Muzee usibajali, JMPR ni kweli, papa yangu anahadisiaka hivyohivyo. Alinionyesha fulari yake, imekuwa rangi ya majani makavu, hakuna mwenye anaruhusiwa kuigusa.

Sambaza_Kavu
Na huyo Baden-Powell wao si alikufa kule Afrika ya Kusini na vita zake?

Nyota_ya_Muhungu
Hapana. Kule Afrika ya Kusini alizungukwa Mafeking siku 217, 1899 mpaka 1900, njo jina lake ilijulikana hapo. Kufa alikufia Kenya, Nyeri, tarehe 8 janvie 1941. Nilipita pale wakati nilikuwa nasoma Nairobi, mulima Kenya uko mbele yako kama kuko mawingu kidogo. Ku kaburi banachora duara na nukta katikati. Ni alama ya njia ya ba-skuti, ukiikuta mu pori maana yake mwenye alikuwa mbele yako amesharudi kwake.

Sambaza_Kavu
Amerudi kwake halafu kwake ni Nyeri? Kule Uingereza banamudai nini 😄

Mama_wa_Kadutu
Bandugu. Nimeuliza fulari ya mutoto wangu, mumenipeleka Ghana, Seychelles, sasa tuko ku makaburi ya Nyeri. Sina shida, najifunza. Lakini mutoto iko hapa nyumbani ananyamaza siku ya tatu.

Mwalimu_Bagira
Umesema kweli mama, uturehemu. Mi ningemukumbusha shefu wako kitu moja tu. Kampi ya kwanza kabisa, kisiwa ya Brownsea kule Uingereza, 1907, walikuwa vijana kama 20. Nusu ya masomo ya matajiri, nusu batoto ya mitaa ya kawaida, na Baden-Powell alibachanganya mu patruya makusudi. Unifomu ya ba-skuti nayo maana yake njo hiyo, mutoto wa tajiri na wa masikini basitofautike. Sasa kama sheria ya saa inakamata kila posho paka batoto benye bomba kwao haitoki, na benye kukaa pembeni ya ziwa na tanki ku paa hawakamatwi hata siku moja, basi mushaanza kubatofautisha, na mumetumia fulari yenyewe.

Dada_Panzi
Hapo!!! Shefu njo ujibu hiyo.

Fundo_ya_Mraba
Nitajibu. Mi mwenyewe nilivuliwa fulari 2009. Nilikuwa na miaka 13, nilisahau kamba ya patruya nyumbani, tukashindwa kujenga meza ya kampi. Shefu alinivulia mbele ya kikundi yote na ba-gidi bale. Nililia nyuma ya salle. Lakini nilirudi posho yenye kufuata na yenye kufuata tena, na leo sijawai sahau kamba. Iko mu saki yangu hata sasa hivi naandika, hata kama naenda ku soko. Kama wangenibembeleza ningekuwa wapi?

Dada_Panzi
Shefu, sikia. Ni miaka mingi imepita na bado unajua mwaka, unajua kamba, unajua ba-gidi walikuwa pale, unajua ulililia nyuma ya salle. Ile meza ulijenga siku gani, unakumbuka?

Kijana_Essence
Kimya 👀

Kijana_Essence
Shefu iko naandika... anafuta... iko naandika...

Fundo_ya_Mraba
@Sambaza_Kavu kurudi ku swali yako ya mukono, hata mu adabu ya kwetu mutu anaweza kutoa kushoto kama kuume iko na matope ao umebeba kitu, unasema tu "unisamee mukono". Basi huyo mupetit angesema hivyo mama mukwe wako angesikia vizuri.

Dada_Panzi
Ona mutu anavyokimbia!

Sambaza_Kavu
Muache dada, sasa anasema kitu ya maana. Lakini hakusema "unisamee". Aliniletea tu, na tabasamu.

Kijana_Essence
Tabasamu ni sheria ya 8, skuti anachekelea na kuimba mu magumu. Mama mukwe wako njo magumu

Muzee_wa_Nguba
Mu mwaka yetu tulisalimia na kuume na kushoto tulishika kofia.

Nyota_ya_Muhungu
Mwaka yenu gani muzee, ya godoro?

Fundo_ya_Mraba
Mama wa Kadutu, nirudi kwako kidogo. Sibadilishe neno langu juu ya saa. Saa ni saa. Lakini kumufungua fundo yeye mwenyewe shefu ku shingo ya mutoto, hiyo hapana, sisi kwetu mutoto anaivua mwenyewe anaileta, tena ofisini, shefu na CP wake (mukubwa wa patruya) basi. Kitu ingine, sheria nzuri inauliza mbele ya kukata. Aliulizwa juu ya nini anachelewa?

Mama_wa_Kadutu
Hakuulizwa. Na yeye hakusema. Nilimuuliza mi, mbona hukumuambia shefu habari ya maji? Akanijibu, "Mama, kila mutu pale iko na maji yake." Sikuelewa vizuri maana yake, nikamuacha.

Mwalimu_Bagira
Mi nimeelewa na sitaki kuelewa.

Fundo_ya_Mraba
Enda umuone huyo shefu. Haina kwa simu, enda pale, mbele ya mukutano, kimyakimya. Usiende na sauti ya humu. Akikataa kukusikia, kuko shefu wa kikundi juu yake, na kuko padri. Na umuulize fulari aliweka wapi, juu mu mufuko ya suruali inapoteaka.

Dada_Panzi
Fulari mwenyewe ulinunua ao ulishona?

Mama_wa_Kadutu
Nilishona. Vitambaa mbili, kijani na manjano, nilimulipa mama moja wa soko ya Kadutu akanikatia, nikazungusha ukingo na mashini ya jirani. Nilikosea upande moja, kijani imezidi sentimeta mbili ao tatu hivi. Mutoto alisema haina neno, hiyo njo atajua kama ni yake benzake bakichanganya.

Mama_wa_Kadutu
Nitaenda kuona shefu. Lakini niseme hii nimalize, juu jana njo nimeijua. Jana magaribi kijana aliniomba bidoni zote ine. Nikamuuliza ya nini, leo haiko posho. Akasema anataka kuanza kuchota siku ya tano usiku, watu bakishalala, alafu posho asubui maji iko tayari na yeye anaenda. Amejipangia na rafiki yake, mumoja analinda bidoni mwingine anachota.

Kijana_Essence
Mama usimuache, ile njia usiku hakuna taa, na mvua hii matope imeshuka mpaka ku ngazi. Niambie ni upande gani, siku ya tano niko huru, nitapita na bapetit wawili tubebe.

Mama_wa_Kadutu
Asante kijana wangu. Nakuandikia pembeni.

Fundo_ya_Mraba
Na mi nakuja. Saa ngapi?

Kijana_Essence
Saa mbili ya usiku. Usichelewe shefu, tutakuvua kitu

Sambaza_Kavu
Lakini mukifika kwa huyo mama musalimie na kuume tafazali