Michezo ya kuigiza papo kwa papo katika nyumba ya wanafunzi

Ndugu zangu mlioko Nyanda za Juu Kusini,

Nimetoka Lubumbashi na ninasoma Mbeya. Ninaishi Iyunga, katika nyumba ya kupanga, pamoja na wanafunzi waliotoka Songea, Iringa, Unguja na Zambia. Jioni za baridi kila mmoja hujifungia chumbani mwake, na tunakutana tu umeme unapokwisha, tukiulizana zamu ya kununua LUKU ni ya nani. Ningependa tuanze michezo ya kuigiza papo kwa papo sebuleni, lakini nahofia kwamba wasiokizoea Kiswahili cha huku watanyamaza, na wenye utani watatawala. Aliyewahi kuifanya naomba anishauri.

*

Dada yangu,

Pole na baridi ya Iyunga. Ya hapa Kihesa, Iringa, nayo si haba. Unalolikusudia linawafaa sana watu wa hali yetu, na historia yake inaonyesha hivyo. Viola Spolin, Mmarekani aliyebuni mingi ya michezo hii, alifunzwa miaka ya 1920 na Neva Boyd katika Hull House, nyumba ya huduma za jamii iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji, na baadaye akaitumia kufundishia watoto wa familia zilizotoka nchi mbalimbali. Majukwaa ya vichekesho yalikuja kuichukua baadaye. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ni michezo ya wenye vipaji.

Kwa kuwa hofu yako ni ya lugha, anza na mchezo usio na maneno. Watu wawili wasimame wakitazamana, mmoja asogeze mikono polepole na mwenzake amfuate kama kioo, kisha wabadilishane, mpaka mtazamaji asiweze kujua ni nani anayeongoza. Ukifuata mchezo wa mkalimani, utaona hata mkimya wa nyumba anafunguka: mmoja awe mkulima wa viazi wa Njombe anayezungumza sauti za kubuni tu, mwingine awe mnunuzi, na wa tatu afasiri kwa Kiswahili anachodhani kimesemwa. Hapo Mzambia wako na mtu wa Unguja wako sawa kabisa, kwa sababu lugha ile haina mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo mtunge hadithi kwa pamoja. Wengi huicheza kwa kila mtu kutoa neno moja, lakini mimi napendelea sentensi moja moja, kwa maana mtu aliyekulia Kiswahili cha Lubumbashi au cha kwetu Bukavu akilazimika kutafuta neno moja linalopatana na lile lililotangulia, huku wote wakimsubiri, ataona anafanyiwa mtihani. Kanuni ya kushikilia ni kupokea alichotoa mwenzako na kukiongezea. Akisema basi limekwama Mlima Kitonga, usimjibu kwamba mko sokoni; sema utingo ameshuka kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, na wa tatu ataendelea kutoka hapo.

Kuhusu utani, ninakuomba uwe makini zaidi kuliko mahali pengine popote. Wahehe na Wangoni ni watani, utani uliotokana na vita vya babu zao vya karne ya 19, na wenzako wa Iringa na Songea wanaweza kuambiana maneno mazito mbele yako huku wakicheka kwa moyo mweupe. Kibali hicho ni chao. Sisi wageni tukiyarudia maneno yaleyale, hata kwa nia njema, tunakuwa tumetukana. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba hakuna kuigiza kabila, taifa wala lafudhi ya mtu. Igizeni kazi: kondakta, muuguzi, mama ntilie.

Upo pia mchezo wa hadhi, ambao Keith Johnstone aliukuza alipokuwa akifundisha waigizaji wa ukumbi wa maigizo wa Royal Court jijini London: mkuu wa idara na mlinzi wanazungumza, na kidogo kidogo mlinzi anapanda huku mkuu akishuka. Ni mchezo mzuri mno, lakini nyumba zetu nyingi zina walimu waliorudi masomoni, watu wazima tunaowaamkia shikamoo. Usimpangie mtu wa namna hiyo nafasi ya chini mbele ya vijana. Mwulize pembeni kwanza, naye akiichagua mwenyewe, vijana watamfurahia sana.

Suala la LUKU liacheni kwenye kikao cha nyumba. Wapo wanaoamini kwamba igizo husaidia kusema ukweli unaoshindikana mezani, nami sikubaliani nao, kwa sababu anayelengwa hawezi kujitetea bila kuonekana hajui kucheka, na kesho yake hatatoka chumbani.

Mjulishe mwenye nyumba mapema, anzeni baada ya swala ya Isha ili mwenzenu wa Unguja asilazimike kuchagua, na nusu saa inatosha kwa mara ya kwanza. Anayetaka kutazama tu aachwe atazame na chai yake. Simu zote ziwekwe mbali, na mkubaliane kwa kauli ya kila mmoja kwamba hakuna atakayerekodi, kwa kuwa mtu akihofia kujiona kesho kwenye WhatsApp za watu asiowajua, hatathubutu hata kuinua mkono katika ule mchezo wa kioo.