Naomba ushauri: nataka kuingia Zimamoto, nijiandaeje?

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 24, nimemaliza kidato cha nne, nikasoma umeme wa majumbani VETA, na kwa sasa nashika vibarua vya kuvuta waya kwa fundi mmoja. Tangu mwaka jana nina ndoto moja tu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nyumba ya jirani yetu iliungua usiku. Gari lilishindwa kupita kichochoroni, likaishia barabarani. Wale jamaa wakashusha mipira, wakakimbia nayo begani, wakaunga kipande kwa kipande mpaka mlangoni. Wawili wakaingia ndani na mitungi mgongoni. Walipotoka, mmoja akavua barakoa, ikawa imemwachia mchoro mwekundu kuzunguka uso mzima. Akamwomba mama maji. Mama, kwa kuchanganyikiwa, akampa kwenye kikombe cha plastiki cha mdogo wangu, kile chenye picha ya bata. Akanywa vitatu, akasema asante mama, akarudi ndani. Mimi usiku ule sikulala.

Swali langu: nipitie JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwanza, au nisubiri tangazo la ajira nikiwa na cheti changu cha umeme? Na mazoezi ya pumzi mnafanyaje? Nakimbia kila alfajiri ila pumzi inakata mapema. Umri unanikimbia, nisaidieni.

Mzee wa Kitonga
Mwanangu, JKT. Usiulize mara mbili. Mimi nilikwenda kwa mujibu wa sheria mwaka 1986, nikaenda mlaini kama mkate, nikarudi mtu. Tulikuwa tunaamshwa saa kumi, mchakamchaka mpaka jua linachomoza, halafu jembe. Vijana wa siku hizi mnataka kazi ya jeshi huku mnalala mpaka saa mbili. Kule hukuti shuka la kujifunika gubigubi.

Shangazi wa Buza
Hongera mwanangu kwa moyo huo. Mimi naongelea moto, maana umenigusa. Nilikuwa nauza chipsi. Siku moja mafuta yakashika moto kwenye karai, binti niliyemwajiri akakimbilia ndoo ya maji akamwaga. Jamani! Ule moto ulipanda mpaka kwenye turubai, na mkono wangu wa kushoto mpaka leo sivai nguo ya mikono mifupi. Hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba unafunika na mfuniko na kuzima jiko, basi. Ukiingia huko Zimamoto mje mtufundishe sisi wa mitaani.

Mpira Begani
Pole sana shangazi. Maji yakigusa mafuta yaliyochemka kiasi kile yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi mara 1,700 ya maji yenyewe, ndiyo maana mafuta yanarushwa juu.

Mleta uzi, nimetumikia Zimamoto miaka 19, nimestaafu. JKT inasaidia, cheti cha ufundi kinasaidia, leseni ya magari makubwa inasaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu gari bila dereva halizimi moto. Ukichaguliwa utapelekwa chuo chetu cha Chogo, Handeni. Huko utajifunza kubeba mpira, ngazi, kamba, huduma ya kwanza, na kutafuta mtu kwenye moshi ukiwa huoni hata kiganja chako. Unatambaa, mkono mmoja ukutani, hauachi ukuta, na kurudi unaufuata mpira wako wa maji. Mazoezi: kimbia, panda ngazi ukiwa na mzigo wa kilo 20 mgongoni, vuta tairi. Lakini umesema pumzi inakata mapema. Mapema kiasi gani?

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Asante sana mkuu. Kama dakika kumi hivi. Nikipumzika inarudi. Nadhani ni mazoezi tu bado.

Kaka Mkubwa
Kujuana ndio mpango, dogo. Mengine yote ni kujichosha.

Dereva wa Nyakato
Sio lazima. Yule kijana mvuvi wa Bukoba, Majaliwa, ndege ilipoanguka ziwani Novemba 2022 alikwenda na mtumbwi kuokoa watu, ikaagizwa achukuliwe Zimamoto. Alijuana na nani? Moyo wake tu.

Muuguzi wa Zamu
Mleta uzi, samahani mdogo wangu, nakuuliza kama dada. Hiyo pumzi ikikata, kifua kinabana? Unasikia kama mluzi ukitoa hewa? Usiku unaamka kukohoa?

Mzee wa Kitonga
Dada, usimtie mtoto uoga. Sisi tulikuwa tunakohoa vumbi la trekta na tukakimbia.

Muuguzi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo, nimemuuliza yeye.

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Sawa, niseme. Nina pumu tangu nikiwa na miaka sita. Sikuandika mwanzo kwa sababu najua mngeniambia niache. Ila sio ile kali, ni ya msimu, vumbi na baridi. Na nimeshaanza kuishughulikia. Nimeacha inhela wiki ya tatu sasa ili mwili uzoee kujitegemea, na naona mabadiliko. Kuhusu fomu ya daktari, kuna rafiki yangu yuko zahanati moja, atanijazia kuwa niko sawa, nimeshampa elfu arobaini. Tangazo linasema awe na afya njema na mimi kazi zote nafanya, napanda darini na waya siku nzima. Kwa hiyo naomba turudi kwenye swali langu la mazoezi.

Muuguzi wa Zamu
Hapana, haturudi.

Pumu haizoeshwi. Inhela ya bluu inafungua njia za hewa kwa saa chache tu, haitibu uvimbe ulio ndani. Uvimbe unahitaji dawa nyingine ya kuvuta kila siku hata ukijisikia mzima, na hiyo ndiyo watu wengi hawaandikiwi au wanaiacha. Wewe umeacha hata ile ya kukuokoa. Hayo "mabadiliko" unayoyaona ni mwili kuzoea kuhema vibaya. Nimewapokea vijana wa umri wako saa tisa usiku wakiwa hawawezi kumaliza sentensi. Irudishe inhela mfukoni leo, na wiki hii nenda kliniki wakupime nguvu ya mapafu, unapuliza tu kwenye kifaa. Ikidhibitiwa vizuri unaweza kukimbia bila taabu. Lakini daktari ndiye aseme unaweza nini, sio rafiki yako wa elfu arobaini.

Mpira Begani
Dada kamaliza la kitabibu. Mimi nikuambie la kazini.

Mtungi wetu wa lita 6.8 ukijazwa bar 300 una hewa kama lita 2,000. Kwenye karatasi inaitwa zaidi ya nusu saa. Ukiwa na hofu, unabeba mtu, joto limekukaba, hewa hiyo unaimaliza kwa dakika ishirini au pungufu, na hewa ya mtungi ni kavu, inakausha koo. Filimbi ya mtungi ikilia kwamba hewa inakaribia kuisha, unatoka, hata kama umesikia mtoto analia chumba cha pili. Na hatuingii mmoja, tunaingia wawili. Kifua chako kikifunga humo ndani, mwenzako anafanya nini? Anamwacha yule tuliyemfuata, anakuvuta wewe. Na huwezi kuvua barakoa uvute inhela, kwa sababu huo moshi ndio unaoua watu wengi kabla moto haujawafikia. Hilo ulilifikiria wakati unatoa hiyo elfu arobaini?

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Mkuu, nakuheshimu. Lakini kuna watu wenye pumu wanacheza mpira ligi kubwa. Na usiku ule moshi ulikuwa mtaa mzima, nilisimama pale saa nzima, sikufa. Kwa nini niukose wito wangu kwa kitu nilichokua nacho tangu utotoni?

Sina Dogo
Wakuu, hii ni chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Angalieni: akaunti imefunguliwa leo. Mwanzo anakimbia kila alfajiri, mara ana pumu. Kikombe cha bata, sijui barakoa imechora uso, hayo ni maneno ya mtunzi. Kesho utasikia "wakuu naombeni nauli ya usaili". Nimekaa humu miaka tisa, nazijua.

Kaka Mkubwa
Hata mimi nilishtuka hapo kwenye kikombe.

Dereva wa Nyakato
Au ni dalali, anavua watu wanaotafuta ajira. Mdogo wangu alitoa laki saba kwa mtu aliyejiita anamjua mkubwa. Akaletewa barua ina mhuri kabisa. Tukamnunulia tranka, godoro, ndoo mbili. Akasafiri mpaka Handeni. Getini wakaangalia barua, wakamwambia kwa upole kijana, hii sio yetu. Alirudi usiku na tranka lake kichwani, watu wa mtaani wote walikuwa wamemuaga. Mpaka leo hapiti njia ya dukani mchana. Kuajiriwa hakulipiwi, jamani. Maombi ni kwa mfumo wa mtandaoni wa Jeshi lenyewe, basi.

Shangazi wa Buza
Masikini mtoto wa watu. Na tranka mlilipeleka wapi?

Dereva wa Nyakato
Lipo uvunguni, shangazi. Hataki liguswe.

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Sijaomba nauli na sitaomba. Mimi sio tapeli.

Sina Dogo, unataka ushahidi gani? Inhela yangu iko ndani ya kiatu cha shule cha zamani, chini ya kitanda, niliificha nisiione. Mama aliitafuta wiki nzima. Tangu niache dawa amehamisha godoro lake, analala upande wa mlango wangu. Anadhani sijui. Usiku akisikia nimekohoa anagonga ukuta mara moja, nami nagonga kumjibu kwamba niko hai. Tulikuwa tunafanya hivyo nikiwa mdogo. Juzi aligonga na sikuwa na pumzi ya kunyoosha mkono, akaja. Hakuniambia kitu, alikaa tu ananisugua mgongo mpaka adhana. Kama hayo nimetunga, sawa.

Mzee wa Kitonga
Mwanangu, nilisema vibaya pale juu kuhusu vumbi la trekta. Katoe hiyo dawa kwenye kiatu.

Muuguzi wa Zamu
Sasa hivi. Kisha uniambie.

Fundi Ving'ora
Nimekaa kimya nasoma. Mleta uzi, mimi nafunga mifumo ya moto kwenye majengo hapa mjini, mwaka wa 11 huu. Ving'ora, vihisi moshi, mabomba ya vinyunyizi darini, mitungi ya kuzimia. Wewe una umeme tayari, nusu ya kazi yangu unaijua.

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Asante kaka, lakini hiyo si ni kubadilisha betri na kuning'iniza mitungi ukutani? Mimi nataka kuingia ndani kutoa watu.

Fundi Ving'ora
Nikuulize. Kile kichupa chekundu cha kioo kwenye kinyunyizi, unajua kinapasuka kwa joto gani? Nyuzi 68. Na kinapasuka kimoja kile kilichopata joto, sio vyote kama watu wanavyodhani. Maji yanashuka juu ya moto ukiwa bado mdogo kama meza, kabla hata mtu hajapiga 114 kuwaita Zimamoto. Lakini nikisahau kufungua koki moja kule chini, jengo zima lina mapambo tu darini.

Mwezi uliopita nilikuta mlango wa dharura ghorofa ya tano umefungwa kwa mnyororo na kufuli, eti wezi. Nyuma yake wamepanga maboksi mpaka juu. Wanafanya kazi watu kama sitini pale. Nilikaa kwenye ngazi nikakataa kuondoka mpaka wakaleta msumeno wakakata. Mtungi wa poda ukutani sindano ya presha ilikuwa kwenye nyekundu, nikiutikisa poda imeganda kama tofali. Hakuna aliyenipa maji kwenye kikombe cha bata, lakini hao sitini wakitaka kutoka, watatoka.

Mpira Begani
Naunga mkono. Nimewatoa watu nyuma ya milango ya aina hiyo, na sio wote walikuwa wanahema. Hata ndani ya Jeshi kuna wakaguzi wa majengo kazi yao ni hiyo, ingawa nao hupita Chogo kama sisi.

Sina Dogo
Mimi bado sijashawishika. Ila kijana, kama ni kweli, pole. Na ukikutana na huyo fundi, mkutane hadharani na usitoe hela.

Fundi Ving'ora
Sahihi kabisa, asitoe hata mia. Jumatatu saa moja na nusu niko Posta, kuna jengo tunabadilisha vihisi. Uje na mtu wako wa karibu ukitaka. Poda na vumbi la dari utavaa barakoa, na inhela iwe mfukoni, bila hiyo hupandi ngazi yangu.

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Dada muuguzi, nimeitoa. Nimevuta mara mbili kama saa moja iliyopita. Mama ameniona, amekwenda kupika uji saa saba usiku. Anasema kesho ananipeleka kliniki mwenyewe, hatangulii mtu.

Muuguzi wa Zamu
Mshike mkono huyo mama. Waambie kliniki ulikaa wiki tatu bila dawa, usiwafiche.

Mpira Begani
Na fomu?

Kijana wa Charambe (mleta uzi)
Bado iko kwa yule rafiki. Sijamwambia asijaze, nisiwadanganye. Nasubiri hicho kipimo cha kupuliza kwanza. Daktari akisema naweza, tangazo likitoka nitaomba, kwa fomu yake yeye.

Fundi, Jumatatu nakuja na mama. Tesita ninayo. Bisibisi ya nyota nitaazima.