Safari ya chui milia India: siku saba za Machi, twende mbuga zipi na vibali tunapataje?

Korongo_Mto
Wakuu, habari za kazi. Tuko wanne, tunatokea Dar es Salaam, na tunapanga kwenda India katikati ya Machi. Tuna siku saba za porini na shabaha yetu ni chui milia. Serengeti na Ruaha tunazijua vizuri, ila utaratibu wa India unatuchanganya: mageti, kanda, kiini (sehemu ya ndani ya hifadhi), ukingo (sehemu inayokizunguka), vibali vya siku 120 kabla. Tulifikiria kuunganisha Ranthambore, Bandhavgarh, Kanha na Tadoba. Inawezekana? Na tuanze na kipi, tiketi ya ndege au kibali?

Msaji
Karibu mkuu. Mbuga nne kwa siku saba hapana. Ranthambore iko Rajasthan, Bandhavgarh na Kanha ziko Madhya Pradesh, Tadoba iko Maharashtra. Safari za porini ni mbili tu kwa siku, moja ya alfajiri mpaka kama saa 4 au saa 5 asubuhi, nyingine ya alasiri mpaka jua linapozama. Kila mkihama mbuga mnapoteza moja au zote mbili. Chui milia anapatikana kwa kurudia eneo lile lile mpaka mjue jana alionekana wapi na leo anaelekea wapi, kwa hiyo mbuga mbili zilizo karibu zitawapa zaidi.

Kwa mtu wa Dar, njia nyepesi ni kushuka Mumbai, kuchukua ndege ya ndani mpaka Nagpur, kisha gari. Tadoba iko kama kilomita 140 kutoka Nagpur kutegemea geti, na mbuga jirani ya Pench, upande wa geti la Turia, haifiki hata 100. Ningepanga hivi: Jumatano alasiri Tadoba, Alhamisi na Ijumaa mara mbili kila siku, Jumamosi asubuhi mnahamia Pench na kuingia alasiri, Jumapili mara mbili, Jumatatu alfajiri mara ya mwisho. Hizo ni safari tisa. Siku hizo nimezichagua kwa sababu: Tadoba hufungwa Jumanne, na mbuga za Madhya Pradesh hufungwa Jumatano alasiri. Pia wikiendi Tadoba hujaa watu wa mijini na kibali hupanda bei. Angalieni na kalenda ya Holi, sikukuu ya Wahindu ya kurushiana rangi, ambayo kwa kawaida huangukia Machi. Siku hiyo mageti ya Madhya Pradesh hayafunguliwi.

Kibali kinatangulia. Kila jimbo lina tovuti yake, na hapo ndipo wengi hukwama kwa Pench, kwa sababu msitu huo umegawanyika kati ya majimbo mawili. Turia na Karmajhiri ni mageti ya Madhya Pradesh, Sillari na Khursapar ni ya Maharashtra. Ukilipia geti la jimbo moja ukalala jirani na geti la jimbo jingine, umeumia. Hata ndani ya Tadoba yenyewe, Moharli na Kolara ni mageti yaliyo mbalimbali. Kwanza pateni kibali cha geti, kisha tafuteni hoteli iliyo karibu na geti hilo hilo.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya pasi. Getini wanalinganisha kibali na pasi halisi. Nakala au picha ya kwenye simu haikubaliki. Mkibadilisha pasi baada ya kulipia, au mwenzenu mmoja akibadilishwa, kiti hicho kinaweza kupotea bila fedha kurudi. Gari la kawaida ni Gypsy, jipu la wazi lenye viti sita vya watalii. Nyie wanne lipieni gari zima. Mkikata kiti kimoja kimoja mnaweza kutawanywa kwenye magari tofauti.

Sikio_la_Msitu
Nikazie neno moja kwa waliozoea Serengeti. Kule mnatafuta kwa macho. Hapa mnatafuta kwa masikio. Misitu ya Tadoba na Pench ni misaji na mianzi, na hata Machi majani ya misaji yanapokuwa yamepukutika, chui milia akilala mita kumi kutoka barabarani hamtamwona. Gari haliruhusiwi kuacha barabara hata hatua moja. Kwa hiyo msitu wenyewe ndio utakaowaambia.

Langur, yule tumbili mrefu wa kijivu, hukaa juu ya mti na kukohoa kwa ukali akimwona. Msiangalie langur, angalieni uso wake umeelekea wapi. Chital, kulungu mwenye madoa, hutoa mlio mfupi wa juu, lakini huyo hushtuka hata kwa chui wa kawaida au mbwa mwitu wa India, kwa hiyo mlio wake mmoja hautoshi. Mwenye kuaminika ni sambar, kulungu mkubwa wa hudhurungi. Akipiga mlio mzito unaojirudia, mkia umesimama na mguu wa mbele unapigapiga chini, basi mara nyingi chui milia yuko pale pale na sambar anamwona.

Kosa kubwa ni kuondoka mara milio inapokatika. Kimya kinaweza kumaanisha amelala, au amepita na sasa anaifuata njia. Mwambieni dereva azime injini, mkae dakika 20 bila kuongea. Chui milia hupenda kutembea kwenye barabara ya vumbi, hasa asubuhi, kwa kuwa ni laini kwa nyayo zake na haina miiba. Waulizeni waongozaji kuhusu nyayo: ukiona alama ya tairi imepita juu ya unyayo, mnyama alipita kabla ya gari hilo. Unyayo ukiwa juu ya alama za tairi za asubuhi ile ile, hayuko mbali. Wa dume una umbo la mraba zaidi, wa jike ni mrefu kidogo na vidole vyake vyembamba.

Alasiri za joto, nendeni majini. Machi mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, na chui milia hujilaza kwenye dimbwi, mara nyingi akiingia kinyumenyume mpaka mapaja yazame. Gari lililotulia kando ya dimbwi kuanzia saa 10 jioni lina nafasi nzuri kuliko linalozunguka. Hili dereva hatalifanya bila kuombwa, maana watalii wengi humlalamikia akisimama muda mrefu.

Kadi_Njano
Upande wa nyaraka. Viza ya mtandaoni ya utalii ipo kwa Watanzania na Wakenya. Iombeni mapema, msingoje wiki ya mwisho. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano mbebe, kwa sababu India huwazuia karantini hadi siku 6 wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo bila cheti halali. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Mkiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa mnahitaji kuwa nacho pia.

Na hili waongoza watalii wetu hulisahau: simu ya setilaiti na vile vifaa vya dharura vya kutuma ujumbe kwa setilaiti havibebwi India bila kibali cha serikali. Watu wameshakamatwa viwanja vya ndege kwa ajili hiyo. Droni nazo acheni nyumbani, kuingiza nchini hairuhusiwi.

Korongo_Mto
Asanteni sana wakuu, tumeondoa Ranthambore na Kanha. Maswali mawili: tukikosa vibali vya kiini, ukingo una maana yoyote? Na lenzi ya kamera ya milimita 150-600 inatosha?

Msaji
Ukingo msiudharau, hasa Tadoba. Kiini ndiyo sehemu iliyofungiwa makazi, ukingo una vijiji na mashamba, lakini mnyama hajui mpaka uko wapi. Kanda za ukingo za Agarzari na Junona ziko upande wa Moharli na chui milia huzaa huko. Vibali ni rahisi kupata, bei ni nafuu, na magari mara nyingi ni machache. Kati ya safari tano za Tadoba, hata mbili zikiwa za ukingo hamjapoteza kitu. Ila uzio hakuna, na watu wa vijiji vile wanalima na kuchunga humo humo. Msimshangilie dereva anayemsukumia mnyama kuelekea mashambani ili mpate picha. Gharama yake anailipa mwanakijiji.

Sikio_la_Msitu
Hiyo lenzi ni nzuri, ila ongeza ya 70-200 kwenye kamera ya pili. Chui milia akiifuata barabara anaweza kupita mita tano kutoka kwenye gari, na kwa 150 utapata sikio na jicho tu. Alfajiri chini ya miti mwanga ni hafifu, anzeni na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 1600 mpaka 3200. Msibadilishe lenzi ndani ya gari, vumbi la Machi ni jekundu na laini na litaingia kwenye kihisio. Foronya moja ya pamba ya kufunikia kamera gari likitembea inatosha. Begi la maharagwe, ule mfuko wa kuegemezea lenzi, halina pa kukaa kwenye Gypsy, kwa hiyo zoezeni kupiga kwa mkono.

Simu zimepigwa marufuku ndani ya kiini katika hifadhi nyingi, msitegemee kupiga nazo picha. Nguo za khaki au kijani, kitambaa cha kufunika pua, na jaketi kwa saa ya kwanza ya asubuhi. Muda wa kutoka getini nao hauna mjadala: dereva akichelewa hulipa faini au husimamishwa kazi kwa siku kadhaa. Akisema turudi, hata kama sambar bado analia, mrudi.