Sikukuu na paka ndani ya nyumba: tupeane uzoefu, mapazia yenu yalisalimika?

Bint Ngamiani
Wakuu salaam. Nafuga paka wawili hapa Tanga. Chausiku, mama mtu, mweusi tii, na mwanawe Kashata, miezi minane, hajatulia hata dakika moja tangu azaliwe. Watu wa Pwani mnajua Idi inavyoingia nyumbani: mikeka inakung'utwa, kuta zinasuguliwa, mapazia ya zamani yanashushwa na mapya yanapandishwa usiku wa kuamkia sikukuu. Safari hii nilinunua ya rangi ya maziwa, yana vishada vya nyuzi chini. Vile vishada ndivyo vilivyoniponza.

Mwezi umeshaandama, tuko jikoni. Mama anaoka vileja, mimi natwanga iliki. Nikasikia kraaa! sebuleni. Kufika, Kashata yuko juu kabisa kwenye bomba la pazia, kucha zimezama kitambaani, anashuka mdogo mdogo kama mkwezi wa nazi, na kila anaposhuka anaacha mstari. Chausiku kakaa chini anamtazama, mkia kauzungushia miguuni, kama si yeye aliyemfundisha.

Nikapiga ukelele. Mama akaja na unga mikononi, akatazama pazia, akatazama paka, akasema, "Mwache, na yeye sikukuu yake." Aliyeambiwa achukue sindano ni mimi. Idi mosi wageni wamekaa chini ya pazia lenye makovu, na shangazi ananiuliza kama hiyo ndiyo fasheni iliyoingia.

Haya, na nyie? Nani kala nini, nani kapanda wapi? Waislamu kwa Wakristo, leteni.

Kanzu Nyeupe
Wangu alilalia kanzu niliyoipiga pasi usiku. Kanzu nyeupe, paka mweusi. Nimeswali Idi na manyoya mgongoni, hotuba ilipokwisha mzee wa safu ya nyuma akaanza kunichambua kama kuku.

Mchaga wa Kimara
Hahaha poleni. Sisi Desemba ukoo mzima unapanda Moshi, lakini mwaka juzi mimi nilibaki Dar kwa sababu ya paka tu. Nyumbani niliwaambia kazi zimebana (msinichome). Tukanunua tawi la mvinje, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, tukalivisha maputo na taa. Kosa ni ile ndoo. Jamaa akaona kaletewa choo kipya, tena chenye taa! Kila tukizoa, baada ya saa moja yuko pale anafukua, mti unatikisika, puto linapasuka, anatoka mbio, anarudi kumalizia. Siku ya Krismasi yenyewe mti ulishinda nje barazani, sisi ndani na paka.

Fundi Cherehani
Bint Ngamiani, nimecheka, ila naomba niharibu stori kidogo. Pazia si kitu mdogo wangu, ogopa nyuzi. Wiki ya mwisho ya Ramadhani kwangu huwa ni nguo za wateja hadi darini, na Idi moja paka wangu akameza uzi. Niliona ncha tu imening'inia mdomoni, nikaishika nivute. Daktari wa mifugo kwenye simu akanipigia kelele: usivute! Ukafunguliwa mdomo, kumbe uzi umezunguka chini ya ulimi, upande wa pili umeshafika tumboni. Alipasuliwa usiku uleule. Daktari akaniambia utumbo ulikuwa umejikunja kama kiuno cha sketi ya lastiki, na mimi kwa kazi yangu nikauona kabisa. Ningevuta, ule uzi ungemkata kwa ndani. Alipona, sasa ni mzee na ana kiburi. Wenye miti ya Krismasi, zile nyuzinyuzi zinazometameta ni hatari ileile.

Na nyama ya pilau msiwape. Kitunguu maji na thomu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Mimi huchemsha kipande pembeni, maji matupu.

Bint Ngamiani
Dada yangu, nimeinuka hapa hapa nimechukua mkasi. Vishada vyote chini. Kashata ananiangalia kama nimemdhulumu.

Mjukuu wa Unguja, Maskati
Huku Omani shughuli ni Idi ya kuchinja, kwa sababu ya shuwa. Nyama inapakwa bizari, inafungwa kwenye majani, inashushwa kwenye tanuri la chini ya ardhi na kufukiwa hadi kesho yake, wengine siku mbili. Paka wa mtaa wanajua. Wanakaa kulizunguka tanuri, kimya, wamejipanga kama maamuma wanamsubiri imamu. Binamu zangu hutaka kuwafukuza, bibi hataki. Anawasimulia jinsi Abu Qatada alivyomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akataja maneno ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka. Basi wetu wa ndani, Simsim, kayachukua maneno hayo vibaya: anazungukazunguka mpaka katikati ya sinia. Bibi huweka mapafu pembeni kabla hayajaguswa na viungo, Simsim anakula akiwa mapajani mwake, sisi tunasubiri zamu.

Baba Wawili
Kwetu mkesha wa mwaka mpya, saa sita usiku fataki zikaanza, paka akapotea. Tumemtafuta darini, chini ya vitanda, hadi kwa majirani na tochi. Alfajiri mke wangu kafunua sufuria kubwa tuliloazima kwa ajili ya ubwabwa, kamkuta humo kalala. Lilioshwa mara tatu. Wageni hawakuambiwa, na nyie msiseme.

Bint Ngamiani
Nimefurahi sana wakuu. Nimalizie na Idi pili: watoto wa mtaa walikuja kuomba mkono wa Idi, wamejipanga foleni mlangoni, Kashata naye kakaa mwisho wa foleni. Katoto kamoja kakamwonea huruma, kakachukua sarafu yake ya mia mbili kakamwekea mbele ya miguu. Akainusa, akaipiga kofi, ikabiringika hadi chini ya kabati la vyombo. Katoto kakalia. Nikampa nyingine. Ile ya Kashata bado iko huko chini, na kila usiku namsikia anaichokoa.