Tupeane uzoefu: Uliyefika Geneva, uliona nini nje ya ukumbi wa mkutano?

Mleta mada

Wakuu salaam. Kila Mei kuna mkutano mkuu wa afya duniani, Juni kuna ule wa kazi, na katikati yake vikao ambavyo hata majina yake hayakaririki. Watu wetu wanakwenda Geneva kwa makundi. Wakirudi, ukiwauliza wameona nini, unajibiwa: mji mzuri, msafi, ghali. Basi. Ukiomba picha unaoneshwa safu ya bendera pale Palais des Nations, ofisi za Umoja wa Mataifa, na chokoleti za uwanja wa ndege.

Zamu yangu imefika mwezi ujao, na nimeomba kubaki Jumamosi na Jumapili kwa gharama zangu. Orodha za vivutio nimeshazisoma mtandaoni, zote zinafanana. Nataka mtu aliyesimama pale aniambie alichokiona, na kama kinastahili kutobolea posho. Karibuni.

Mwana wa Ujiji

Mimi nimekulia Kigoma, kwa hiyo maji hayanishtui. Ziwa lao lina kina cha mita 310, letu la Tanganyika mita 1,470. Hilo nilimwambia kila Mswisi aliyekubali kunisikiliza.

Kwa meli, lakini, waliniweza. Wanazo za mvuke, zile zenye magurudumu makubwa ubavuni, za tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na bado zinabeba abiria. Ukiipata ile inayoitwa La Suisse, ya 1910, usikimbilie sitaha ya juu kupiga picha za milima. Shuka katikati, kuna uwazi uliozungushiwa reli. Ukiinama unaiona injini yenyewe: mikono ya chuma iliyong'arishwa ikipanda na kushuka taratibu, joto linakupiga usoni na harufu ya oili. Nilikaa hapo mpaka wenzangu wakadhani nimedondokea majini. Meli yetu ya Liemba, ya 1913, iliondolewa injini ya mvuke miaka ya 1970, kwa hiyo alichokiona babu yangu Kigoma mimi nimekwenda kukionea Uswisi. Kata daraja la pili, injini ni ile ile.

Ile chemchemi ndefu kwenye kila picha, Jet d'Eau, inarusha maji mita 140 juu, lita 500 kwa sekunde. Haikuanza kama urembo. Mwaka 1886 karakana za mjini zilikuwa zinaendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto Rhône. Jioni mafundi wakizima mashine, presha inapanda kwenye mabomba, ikabidi wafungue mahali pa kuipumulia. Watu wakapenda kuitazama, na mwaka 1891 ikahamishiwa ziwani ilipo sasa. Upepo ukizidi huwa wanaizima, kwa hiyo ukiikuta inaruka usiseme nitarudi kesho.

Mzee wa Vikao

Nakazia. Halafu mkuu, ukilala hotelini au hata hosteli unapewa kadi ya usafiri bure kwa siku zote utakazokaa. Inakubalika kwenye tramu, basi, treni za ndani ya Geneva na zile boti ndogo za njano zinazovusha watu ziwani. Wengi wetu tunapanda teksi na kadi iko mfukoni. Muulize mtu wa mapokezi, au angalia barua pepe waliyokutumia.

Binti Kivu

Mimi naishi upande wa Ufaransa, natokea Bukavu. Kaka, nenda Makumbusho ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, mkabala na Palais des Nations. Usiende umechoka, na usiende na mtu anayependa kuharakisha.

Ndani kuna sehemu tatu, na kila moja ilipewa msanifu wake. Ile ya kuunganisha familia zilizopotezana alipewa Francis Kéré wa Burkina Faso, yule aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022. Unaingia kwa kupenya minyororo inayoning'inia kutoka darini, inakugusa mabega na kichwa. Ukishapita unakuta kadi za wafungwa wa vita vya 1914 hadi 1918. Ni milioni sita. Kila kadi inamtaja mtu, na mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja: jina, kikosi, mahali alipokamatwa, tarehe. Hapakuwa na kompyuta. Mama akiandika barua kumtafuta mwanawe, mtu ananyanyuka kwenda kuitafuta kadi kwa mkono.

Halafu unafika kwenye picha za watoto wa Rwanda. Baada ya 1994 watoto waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha, picha zikazungushwa ili mzazi au ndugu aweze kumtambua wake. Mimi nilikuwa mdogo Bukavu, nayakumbuka makambi. Nilizitazama zile nyuso moja moja, kama vile kuna mmoja ningemjua. Kwingine kuna watu wa kwenye video, ukubwa wao ni wa mtu mzima, unaweka kiganja chako kwenye chake ndipo anaanza kukusimulia yaliyompata.

Ukitoka hapo usiende moja kwa moja kula. Vuka barabara ukae kwenye bustani ya Ariana. Tausi wanatembea ovyo kwenye nyasi, wanapiga kelele mbaya mno, ila siku ile walinisaidia.

Mkoba Mwepesi

Dah, Binti Kivu, pole sana dada. Mimi niliishia kwenye kile kiti kikubwa chenye mguu mmoja uliovunjika mbele ya Palais des Nations, mita 12 cha mbao. Nikapiga picha nikaondoka. Kumbe kiliwekwa mwaka 1997 kupinga mabomu ya ardhini. Mguu ule sikuutazama tena vile vile.

Makumbusho mengine niliyoingia ni ya saa, ya Patek Philippe. Kuna saa za tangu miaka ya 1500, nyingine zina ndege wa kuchonga wanaoimba. Baada ya ghorofa ya kwanza nilivuta mkono wa shati nikaifunika yangu. Jumapili na Jumatatu hawafungui.

Mama Mapacha wa Lausanne

Wenye watoto mnisikilize mimi. Makumbusho ya historia ya asili ni bure. Wanangu hawakujali dinosaria wala madini, walikwenda moja kwa moja kwa Janus, kobe mwenye vichwa viwili aliyetotolewa mwaka 1997. Vichwa viwili haviwezi kuingia pamoja kwenye gamba, kwa hiyo porini asingedumu. Pale analelewa kama mtoto mchanga. Vichwa vikitaka kwenda pande tofauti, watoto wanashangilia mmoja wao kama mpira.

Siku nyingine panda tramu namba 18 hadi kituo cha mwisho, CERN, maabara ya Ulaya ya utafiti wa fizikia. Jengo lao la wageni lilifunguliwa Oktoba 2023, kiingilio bure, Jumatatu limefungwa. Chini ya ardhi, kama mita 100, kuna handaki la duara la kilomita 27 ambamo wanagonganisha chembe ndogo kuliko atomu. Huko chini hutashushwa, ila juu kuna vitu vya kushika na kubonyeza hadi mtu mzima anasahau umri wake. Hapo ndipo Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989, huu huu tunaobishania humu.

Jakisumu

Wenzangu mmesema ya maana, mimi niseme ya tumbo. Mimi wa Kisumu niliambiwa lazima nile samaki wa ziwa lao. Sahani ikaja: minofu myembamba, urefu wa kidole, imekaangwa kwa siagi, chipsi pembeni na kipande cha limau. Tamu, sikatai. Lakini kwetu huyo angerudishwa majini akue kwanza. Halafu bei! Mhudumu, mama mkweli kabisa, akaniambia ziwa halitoshelezi na minofu mingi huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo uliza kwanza kabla hujalipia "samaki wa ziwani".

Kesho yake nikaingia Musée d'Art et d'Histoire kujikinga mvua, nikakutana na wavuvi tena. Ni mchoro wa Konrad Witz wa mwaka 1444: Petro na wenzake wanavuta wavu, Yesu amesimama kando ya maji. Ila huyu bwana hakuchora Galilaya, alichora ziwa la Geneva, na milima ile ile ya nyuma. Wanaovuta wavu wameinamia maji, na mwenye kasia anaituliza mashua. Aliyechora alishawahi kuwatazama wavuvi kazini. Mvua ilipokatika nikaenda ufukweni, mlima uko pale pale. Kwangu huo ndio uliolipa safari, si samaki.

Mzee wa Vikao

Jakisumu umenichekesha. Kwa chakula cha bei nafuu nendeni Bains des Pâquis, gati lenye bafu za umma ndani ya ziwa. Kiangazi watu wanaogelea, baridi ikifika wanakula jibini ya kuyeyushwa, kila mtu anachovya mkate kwenye chungu kimoja. Utakaa meza moja na jaji na fundi bomba, hakuna anayejitambulisha.

Shemeji wa Carouge

Mnaisifia Geneva ya kiangazi. Mimi niliifahamu Desemba, kukiwa na bise, upepo wa kaskazini-mashariki unaorusha mawimbi mpaka reli na mabenchi ya ufukweni yanavikwa barafu. Lakini Desemba kuna Escalade, sikukuu ya mji. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwaka 1602, askari wa Savoie, dola jirani ya enzi hizo, walipanda ukuta wa mji kwa ngazi. Wanasimulia kwamba mama mmoja, Mère Royaume, aliwamwagia chungu cha supu ya moto kutoka dirishani. Mpaka leo nyumba nyingi zinanunua chungu cha chokoleti kilichojaa mboga za kuumbwa kwa lozi na sukari, mdogo kuliko wote na mkubwa kuliko wote wanakipasua kwa pamoja. Mama mkwe wangu anakipasua kama ana kesi nacho.

Mleta mada

Wakuu mmenimaliza. Jumamosi meli na Msalaba Mwekundu. Swali: Jumapili nasikia maduka yote yamefungwa, nifanyeje?

Binti Kivu

Karibu yote yamefungwa kweli, ila ya stesheni na uwanja wa ndege yanafunguliwa, kwa hiyo maji na mkate nunua Jumamosi. Maji yenyewe unaweza kukinga kwenye chemchemi za mitaani, yananyweka. Asubuhi nenda La Jonction, juu ya daraja la reli. Rhône inakuja ya kijani safi kutoka ziwani, Arve inakuja ya kijivu na tope la milimani, zinakwenda bega kwa bega kipande kirefu kabla hazijachanganyika. Na kama unataka kuingia Palais des Nations kama mgeni, weka nafasi mapema kwa siku ya kazi, na beba pasipoti yenyewe, si nakala.